Riziki Aliyekataa Kusema Mbaya

Bahati, mjukuu wa kaka yangu, anafundisha watoto hapa Gitega, na anadhani kwa sababu mi ni mzee basi sina kazi. Amekuja na kaye mpya, daftari nene, na kalamu mbili, ameviweka juu ya meza yangu kama polisi anayeleta karatasi ya kuitwa kwenye ofisi ya komini. Anasema: "Bibi, tuandikie maana ya neno 'bovu', na linatumika vipi, watoto wasome." Nikamwambia maharage yangu yako motoni. Akasema atangoja. Akangoja kweli, akala na maharage yenyewe, akaenda zake akaacha kaye.

Haya, naandika, lakini siandiki anavyotaka yeye. Mi nilisoma chuoni kwa mwalimu, alifu na bee, halafu herufi za Kizungu nikajifundisha mwenyewe kwenye makaratasi ya sabuni na magunia ya chumvi. Mistari yangu inapanda kilima. Asiyeweza kuisoma akae karibu na dirisha. Na maana ya neno, vile walimu wanavyotaka, siiwezi. Lakini namjua mtu aliyeiweza, na huyo ndiye nitakayemweleza. Ni Riziki binti Chabani, dada wa mume wangu Houssein, yaani wifi yangu. Niligombana naye miaka arobaini na saba, na hakuna mtu mwingine niliyependa kugombana naye.

Baba yake, mzee Chabani, alikuwa mchaguzi wa ngozi. Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wanaiandika Gitega hii Kitega. Bwana Alibhai, Mhindi, alikuwa na duka hapa, mbele anauza vitambaa, taa na misumari, nyuma ana uwanja wa ngozi. Ngozi za ng'ombe na mbuzi zilikuja kutoka Makebuko, Ryansoro, Nyarusange na mbali zaidi, zinafungwa mabunda, zinakwenda Ulaya kuwa viatu ambavyo sisi hatukuviona tena. Kazi ya Chabani ilikuwa kuzipokea na kusema ipi nzima, ipi si nzima. Sasa mzee alikuwa mtu wa ugoro. Ugoro asubuhi, ugoro mchana, mpaka pua ikafa kabisa, ungeweza kumwekea paka aliyekufa chini ya kiti akakuuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo alikuwa anakwenda na binti yake. Alianza kumchukua Riziki ana miaka kumi, na alipofika kumi na sita Bwana Alibhai hakununua ngozi kabla huyo msichana hajaigusa.

Nilimwona akifanya kazi hiyo mara nyingi. Kwanza anaigonga ngozi kwa kifundo cha kidole. Ngozi nzima iliyokauka vizuri inalia, ko, ko, kama mlango. Halafu anashika nywele chache kwa vidole viwili, anavuta. Ngozi nzima haikupi nywele zake, inakuachia maumivu ya vidole. Ngozi iliyooza ndani inakupa bila ugomvi, nywele zinatoka laini na mizizi yake, na ndipo unajua kwamba chini ya nywele hakuna kitu tena. Macho hayaoni. Unaweza kuipaka, kuifukiza, kuianika mpaka ing'ae, lakini ukivuta nywele imekwisha.

Riziki alikuwa bahili wa maneno kuhusu vitu vya kuchukiza. Sisi wengine kitu kikinuka tunasema tu mbaya, mbovu, chafu, lolote linalotangulia mdomoni. Yeye hapana. Siku moja mwanamke wa Makebuko alileta kibuyu cha siagi ya ng'ombe, ile ya kukaa miezi, na mama Khurshid, mke wa Bwana Alibhai, akajiziba pua kwa mtandio.

"Imeoza hii! Toa, toa!"

Riziki akachovya kidole, akaonja. "Mama Khurshid, hii haikuoza. Hii iko kali. Mwenyewe ameiweka makusudi, kwao ndiyo tamu. Kali ni shauri la pua yako."

"Kwa hiyo pua yangu ndiyo mbovu?"

"Pua yako iko nzima, mama, ndiyo maana inalia."

Mama Khurshid akacheka mpaka akaachia mtandio, akainunua siagi, akaenda kuichemsha na karafuu.

Lakini mi sikucheka aliponifikia. Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu nilipika maharage nikayafunika yakiwa moto, nikaenda kwa jirani kuonyesha kanga zangu. Niliporudi jioni Riziki amefunua chungu. Akasema, bila kunitazama: "Wifi, maharage haya iko mabovu."

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akataka kuniokoa: "Sema yamechacha, mwanangu."

"Yamechacha ni kama yamejichachia yenyewe, mama. Yalikuwa mazuri, niliyaonja mchana. Kuna mtu ameyaacha."

Siku tisa sikumsemesha. Siku ya kumi nilimwuliza kwa nini anitukane ndani ya nyumba yangu mwenyewe, naye akashangaa kweli. "Sikukutukana. Ningesema chakula chako kibaya, hapo ningekutukana. Kibaya ni kile ambacho hakikuwa kizuri hata siku moja. Ng'ombe aliyezaliwa dhaifu, akachanwa na miiba, ngozi yake ni mbaya, utamlaumu nani? Bovu ni kitu kilichokuwa kizuri. Mi nimesema unajua kupika, ila ulitoka."

Nikamjibu kwamba mtu anayehitaji maelezo marefu namna hiyo kwa kusifu, basi asisifu. Lakini neno liliniingia. Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anasema kitu fulani ni kibovu, najikuta natazama huku na huku namtafuta aliyekiacha.

Sasa nije kwa Radjabu.

Radjabu alikuwa kijana wa Muyinga, analeta ngozi hapa kwa kamyo, lori la mjomba wake Uthmani. Baba yake alikuwa amekufa, analelewa na mama yake, Kadidja, mwanamke ambaye hata mbuzi wa Muyinga walimpisha njia. Ngozi za Radjabu zilikuwa nzuri. Alikuwa anaziwamba siku ileile ya kuchinja, anazinyoosha kwenye fito za mikaratusi, zinakauka kivulini zimekazwa kama ngoma. Mwaka mmoja na nusu Riziki alivuta nywele za ngozi za Muyinga, hazikutoka. Mi nasema alizipenda ngozi kwanza, mtu baadaye. Yeye alikataa mpaka mwisho, lakini mi nilikuwa pale na birika la chai.

"Binti Chabani," Radjabu alimwambia siku moja, amejiegemeza kwenye kamyo, "leo tena umekosa la kusema?"

"Ngozi nzima haina maneno."

"Na mwenye ngozi je?"

"Mwenye ngozi sijamvuta nywele."

Safari iliyofuata alikuja amenyoa kichwa chote, kinang'aa kama yai. Riziki alilazimika kujificha nyuma ya mabunda kwa kucheka. Baada ya hapo mjomba Uthmani akaja kuposa, wazee wakakubaliana, na Kadidja akatuma kanga doti mbili na sinia kubwa la shaba alilorithi kwa mama yake. Harusi ikapangwa baada ya Maulidi, mwezi wa nane, mwaka wa sitini na mbili.

Ila kabla ya mwezi wa nane kulikuwa na mwezi wa saba. Tarehe moja tulipata uhuru. Siwezi kuwaeleza, mnasoma shuleni. Hapa ngoma zililia mpaka vikombe vikacheza kabatini, na mi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikaniacha siku nne. Houssein alisema huo ndio uhuru wake yeye. Huko Muyinga walifanya hivyo hivyo na zaidi. Walichinja ng'ombe wengi, na waliochinja ni Waislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi, na ngozi zote zikaenda kwa Radjabu.

Siku ishirini baadaye kamyo ikaingia uwanjani. Ngozi arobaini. Radjabu akashuka na maneno yake ya kawaida, lakini kwa haraka kidogo, na Riziki kabla hawajashusha hata moja akasimama nyuma ya kamyo, akavuta pumzi, na uso wake ukafungwa. Nilikuwa nimeshika birika. Nikajua.

"Zinanuka moshi," akasema.

"Barabara ya Karuzi hiyo," Radjabu akajibu, "vumbi tupu."

"Vumbi halinuki moshi. Na majivu je?"

Radjabu akaanza kufungua kamba. Wakazishusha. Riziki akagonga, akavuta, akagonga, akavuta. Ishirini na tatu akaziweka kulia. Kumi na saba akaziweka kushoto, na mbele ya kila moja ya hizo kulikuwa na kifungu kidogo cha nywele chini, kama kwa kinyozi.

Bwana Alibhai akatoka dukani, akatazama upande wa kushoto. "Haya Riziki, sema. Kama iko mbaya, mi nachukua, naweka bunda la pili. Kama iko mbovu haiingii hapa, itaozesha na zingine."

Mzee Chabani akawahi. Alikuwa ameshaona mambo yote, harusi, mkwe, sinia. "Mbaya, Bwana Alibhai! Mwanangu anataka kusema mbaya. Mwaka huu ng'ombe wa kule wamekonda sana."

Radjabu akatazama chini. Naapa, alikuwa anaomba. Neno moja tu, na ngozi zingepokelewa bunda la pili, ng'ombe waliokwisha kuliwa wangebeba lawama, na sisi wote tungekunywa chai.

Riziki akainua ngozi moja, akainyoosha. "Tazama mgongo huu, baba. Huyu alikuwa ng'ombe mnene. Hakuna mwiba, hakuna kupe. Hii ilikuwa ngozi nzuri kuliko zote alizowahi kuleta." Akaiweka chini polepole. "Iko mbovu. Zote kumi na saba. Radjabu, ulizikunja mbichi?"

"Unaniuliza mbele ya watu, binti Chabani?"

"Ngozi iko mbele ya watu."

Radjabu akazipakia mwenyewe zile kumi na saba, moja moja, hataki kusaidiwa. Akaondoka bila kunywa chai. Nilikunywa mi, isimwagwe bure.

Baada ya siku tisa Kadidja akaja. Alikuja juu ya kamyo ileile, amevaa baibui jipya, pamoja na mjomba Uthmani, na Radjabu ndiye aliyeendesha, lakini hakushuka. Alibaki ndani ya kamyo mbele ya nyumba, mikono juu ya usukani kama anaendelea na safari. Kadidja akaketi barazani kwetu, akakataa mkeka akataka kiti, akakataa chai akataka maji, na maji yenyewe akayatazama sana kabla ya kuyanywa.

"Chabani," akasema, "mi nimekuja kuchukua sinia langu."

Mzee akaanza kukohoa. "Mama Radjabu, tuzungumze kwanza."

"Mwanao amezungumza. Muyinga nzima imesikia. Soko zima linaniuliza: eti ngozi za mwanao ni mbovu? Neno hilo mwanao analitumia vipi tumekwisha ambiwa. Siyo ngozi aliyoitukana. Ameitukana nyumba yangu, kwamba mi nimezaa mtu wa kuacha vitu vioze." Akageuka kwa Riziki aliyekuwa amesimama mlangoni. "We mtoto, mi sina roho ngumu. Vitu vibaya viko duniani, Mungu ameviumba. Sema mbele ya hawa hapa, na mbele ya Mhindi wako, kwamba zilikuwa mbaya. Mbaya tu. Harusi inaendelea, na sinia linabaki. Nakupa mpaka alasiri."

"Mama," Riziki akasema, "nitakuomba msamaha kwamba nilisema mbele ya watu. Nitakuosha hata miguu ukitaka."

"Miguu yangu ni safi. Nataka neno."

Nikamfuata Riziki jikoni. Alikuwa analia na anasema ni moshi, na moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Nikamwambia nilichokiona cha maana. Nikamwambia mwanaume ni mzuri, unampenda, hata kichwa alinyoa. Neno moja, wifi! Mi nimesema uongo mkubwa kuliko huo kwa ajili ya kilo moja ya sukari.

Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Ningekuwa simpendi ningesema, Zuena. Ngozi ni ya Mhindi, harufu itaondoka na meli, inanihusu nini? Lakini nikisema mbaya, mwakani ataziacha tena. Na maziwa yakiharibika, ng'ombe ndiye mwenye makosa. Na mtoto akiharibika, mtoto ndiye alizaliwa hivyo. Nitakaa Muyinga maisha yangu yote na mtu ambaye hajawahi kufanya kitu. Mi naogopa hiyo. Heri nibaki hapa nigombane na wewe."

Nikawasha moto ili awe na moshi wa kweli.

Alasiri ikafika, watu wakaswali. Majirani walikuwa wamejaa barazani, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anaomba chumvi, yule anamtafuta kuku. Kadidja akauliza: "Haya?"

Riziki akapiga magoti mbele yake. Akasema kwa sauti ndogo lakini kila mtu alisikia: "Nisamehe, mama. Zilikuwa mbovu."

"Sinia langu," akasema Kadidja.

Mi ndiye niliyetumwa kulileta. Sinia lilikuwa juu ya kabati, linaonekana, lakini nililitafuta chini ya kitanda, nikalitafuta nyuma ya mtungi, nikalitafuta mpaka mzee Chabani akaniita mara mbili. Nikalitoa. Nilipofika mlangoni Radjabu alikuwa pale. Ameshuka. Akanipokonya sinia mikononi, akaingia nalo barazani katikati ya wanawake, bila hodi, jasho linamtoka kwenye kichwa ambacho nywele zilikuwa zimeanza kuota vibaya.

"Mama," akasema, "ulikuwa unaniuliza kila siku wale ng'ombe walikuwa na nini. Hawakuwa na kitu. Walikuwa wazima."

"Nyamaza, Radjabu. Kaa kwenye kamyo."

"Ngozi zilikuja nyingi kwa mara moja. Nikaziwamba za kwanza, fito zikaisha. Zilizobaki nikazikunja mbichi, nikazirundika stoo, nikasema fito nitakata kesho. Kesho kulikuwa na ngoma. Kesho kutwa pia. Nilicheza siku tatu, mama, kiatu kimoja sikukiona tena. Siku ya nne nilipofungua mlango, inzi walinijua kwa jina. Nikazikausha kwa moshi, nikazipaka majivu, nikasema huenda asitambue." Akameza mate. "Ni mbovu. Mi ndiye niliyeziacha."

Jirani aliyekuwa anatafuta kuku akakaa chini kabisa.

Kadidja akasimama. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Akavua ndala moja akampiga nayo mwanawe begani, paa! "Siku nzima niko juu ya kamyo! Mifupa yangu yote! Kuja kuwasingizia ng'ombe wa watu!" Akampiga tena. "Wamekufa, wameliwa, na bado nawasingizia!"

Mjomba Uthmani ndiye aliyeanza kucheka, halafu mzee Chabani, halafu watu wote, na Riziki alikuwa bado amepiga magoti, analia na anacheka, hata mi sikujua lipi ni lipi. Kadidja alipochoka kupiga akavaa ndala yake, akatengeneza baibui, akamtazama Riziki kutoka juu.

"Simama. We utanisumbua."

"Ndiyo, mama."

"Huyu naye alikuwa mtoto mzuri," akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Nilipomzaa alikuwa mzuri." Akavuta baibui mdomoni, maana alikuwa amesikia mwenyewe alichokuwa anakisema. Riziki akamshika mkono haraka. "Bado ni mzuri, mama. Amesema mwenyewe."

Sinia likabaki. Harusi ilifanyika baada ya Maulidi kama ilivyopangwa, na pilau niliipika mi. Kadidja alidai aonje kwanza kabla wageni hawajapakuliwa. Akaonja, akatafuna muda mrefu, akasema: "Iko mbaya kidogo."

Mbaya! Nikataka kurudisha sufuria jikoni na kuifungia. Bibi harusi, hina mikononi, akaniinamia sikioni: "Pole, wifi. Angalau angesema mbovu." Ndiyo siku nilipolielewa neno lile sawasawa, na sijawahi kumsamehe Kadidja.

Riziki akahamia Muyinga. Akazaa watoto sita, wanne wakaishi. Radjabu akanunua fito nyingi kuliko msitu, na kila palipokuwa na sikukuu Riziki alisimama mlangoni pa stoo na kisu kiunoni, hakuna kucheza kabla ngozi ya mwisho haijawambwa. Wakimaliza alikuwa anatangulia yeye kwenye ngoma. Nilikuwa nakwenda kumwona kila mwaka. Katika nyumba ile mlikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Maziwa yakiganda vibaya, nyanya zikioza kapuni, mtu alisimama akasema, "Ni mi," hata mtoto wa miaka mitano, halafu wanakula kilichobaki, hakuna kelele. Mara ya kwanza nilidhani wamerogwa. Mara ya pili nilivunja kikombe na nikajisikia nasema, "Ni mi," na walinipigia makofi, washenzi wale.

Kulikuja ule mwaka wa sabini na mbili, wa mauaji. Sitauandika. Walioondoka waliondoka, na nyumba nyingi zilibaki na sahani zaidi ya watu. Baadaye watu walikuwa wanasema kwa sauti ya chini, mwaka mbaya ule, mwaka mbaya. Riziki alikuwa anachambua mchele siku moja mgeni aliposema hivyo. Akasema, bila kuinua kichwa: "Mbaya ni mwaka wa jua, mvua ikikataa. Ule ulikuwa mbovu." Akaendelea kuchambua mchele, jiwe moja, jiwe moja.

Radjabu alitangulia kufa, akazikwa kule Muyinga, na Riziki akamfuata baada ya miaka mitatu. Nilifika nikamkuta bado anasema. Chumba kilikuwa na harufu ya dawa na ya ugonjwa, na binti yake mkubwa, Pili, alikuwa anaona haya, anafungua dirisha, anafunga, anasema, "Mkaza mjomba, samahani, harufu mbaya humu." Riziki akafumbua jicho moja. "Kali," akasema. Mi na Pili tulitoka nje kwa kicheko, na tulipokwisha kucheka tukarudi ndani, dirisha tukaliacha wazi.

Bahati, neno lako ndilo hilo, watoto wasome. Na wewe unayesoma, usifunge hiyo kaye. Mi nimeandika mpaka kidole kimeota sugu, na sikuandika kwa ajili ya kupigiwa makofi. Kuna kurasa nimeziacha wazi hapo nyuma, nimezihesabu. Chukua kalamu, ile ya pili, haijaisha. Andika kitu kimoja kilichokuwa kizuri mikononi mwako, wewe ukakiacha. Usiniandikie kwamba kilikuwa kibaya. Weka jina lako chini, na la baba yako, nijue wewe ni wa nani, halafu uniletee hapa nyumbani mwenyewe, kwa miguu yako. Nitasoma kila herufi, hata nikisoma polepole.